Bajaji ya Mama Najma

Kambini, Boko
10 Mei 2025

Somo yangu Bi Mgeni,

Shikamoo. Kocha alikusanya simu zetu zote jana na hatutaziona mpaka fainali ipite. Nawe, masikio yako na simu havijawahi kuelewana, kwa hiyo karatasi itatufaa sote wawili. Barua hii anakuletea Seleman, dereva wa Kosta, maana hupita hapa getini kila siku akienda na kurudi Bagamoyo. Jibu mpe yeye.

Somo, tumeingia fainali! Malkia wa Pwani, timu ambayo mwaka juzi tulikuwa tunaazimana viatu, tunacheza na Nyota ya Bonde Jumamosi ya tarehe thelathini na moja, saa kumi jioni, uwanja mkubwa wa Temeke. Golini nasimama mimi. Kocha ameshasema mbele ya wote.

Nataka mje. Wewe ndiye uliyenifunda nilipovunja ungo, ukaniambia somo hamwachi mwari wake maisha, basi mwari wako anakuita. Njia ni hii. Mtoke Bagamoyo asubuhi, si mchana. Mkifika Mwenge msikubali dereva awapitishe mjini. Akate kwenda Ubungo, aingie barabara ya Mandela, anyooke nayo pamoja na malori ya bandarini mpaka muone paa la uwanja. Foleni ya siku ya mechi si ya kawaida, na ile tabia yetu ya kwenda shughulini saa mbili baada ya saa iliyoandikwa kwenye kadi, tafadhali iacheni huko Dunda. Refa hamngoji mtu.

La mwisho ndilo kubwa. Umlete mama. Misimu mitatu sasa kila mechi mchezaji hupewa tiketi ya mtu wake, na kila mechi yangu nampa mpishi wa kambi. Mpishi ni mtu mwema lakini si mama yangu. Mwambie hii ndiyo fainali.

Mwari wako,
Najma

*

Dunda, Bagamoyo
13 Mei 2025

Mwanangu Najma, jicho langu,

Marahaba, na Mungu akupe umri. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne kwa sauti, barazani, ili jirani zangu wasikie bila kuniuliza. Tangu juzi natembea Dunda kama mimi ndiye niliyepewa goli nilinde.

Kosta ya Seleman nimeshaikodi kwa siku nzima. Alitaka kuniletea maneno kwamba Jumamosi ana abiria, nikamwambia abiria hawajawahi kukulisha pilau, akatoa kalamu akaandika tarehe. Wanawake wa kikundi chetu wote wanakuja, wale wale unaowajua wa harusini, pamoja na ngoma zetu mbili na Ashatu wa kuimbisha. Samia anapika. Na sare tumeshanunua. Rangi siisemi, iwe mshangao, lakini jua tu kwamba niliichagua mwenyewe nikitazama ile picha yako kubwa iliyopo ukutani kwangu, ile uliyoruka hewani mpira ukiwa vidoleni. Tukiingia pale, mtu hatauliza hawa ni wa nani.

Maelekezo ya njia nimeyaelewa. Kwenye habari ya kuchelewa umetutukana, lakini umesema kweli, kwa hiyo nimewaambia watu kuwa mpira unaanza saa saba.

Kuhusu mama yako, nimekusikia. Ana shughuli zake, unamjua. Tutaona. Wewe kula vizuri, lala mapema, na usikae na watu wanaokukatisha tamaa.

Somo yako,
Mgeni

*

Kambini, Boko
16 Mei 2025

Somo,

Shikamoo. Nashukuru kwa Kosta, kwa ngoma na kwa hiyo sare ya siri. Lakini nimesoma pale uliposema mama ana shughuli zake na tutaona, na sikulala.

Somo, mimi ni mtoto wa nyumba ile, namjua mama akikwepa. Nilipochezea mkoa alisema ana mchele wa kupepeta. Tulipopanda ligi akasema ana wageni. Mwaka jana nilimfuata mwenyewe mpaka nyumbani, nikapiga magoti, akaniambia mpira si kitu cha kumtoa mtu kwake, akageuka kuangalia chungu ambacho hakikuwa hata na moto chini. Kwa nini asiseme tu? Ananionea haya. Anaona mtoto wa kike anayegaragara kwenye majani mbele za watu amemvunjia heshima. Wapo Bagamoyo wanaosema hivyo na nimewasamehe, lakini wao hawakunizaa.

Basi usimbembeleze. Akija kwa kubembelezwa nitamwona kule juu amenuna, nami nitafungwa goli la kijinga. Tiketi nitampa mpishi, ameizoea.

Najma

*

Dunda
19 Mei 2025

Mwanangu,

Barua yako imeniumiza, kwa hiyo nilifanya jambo ambalo huenda hutalipenda. Niliichukua nikaenda nayo kwa mama yako, nikamkuta anakuna nazi, nikamsomea yote mpaka jina lako chini. Aliendelea kukuna mpaka akawa anakuna kifuu. Kisha akalia. Mimi na mama yako Adila tumekua pamoja, na sijamwona akilia vile tangu siku tulipomzika baba yako.

Akaniambia, "Mwandikie ukweli, Mgeni. Mimi siwezi kuuandika." Basi nakuandikia kwa ruhusa yake.

Mama yako hakuonei haya. Mama yako anatapika garini.

Usicheke. Hukuwa umezaliwa bado. Nasrin mwenzetu alikuwa anaolewa Tegeta, tukapanda Kosta moja watu wote, madirisha tumefunga ili upepo usiharibu nywele zetu, udi na marashi vimejaa humo ndani kama tumekaa kwenye chetezo. Kufika Mapinga mama yako akamtapikia wifi yake mapajani, buibui jipya, siku yake ya kwanza kuvaliwa. Angekuwa mtu mwingine yangeishia pale. Wifi yake akamtungia wimbo. Ukaimbwa harusini siku ile ile, ukarudi nasi Dunda, ukaimbwa mwaka mzima kila ngoma ilipolia. Mama yako aliapa hatapanda gari tena mbele za watu, na hajapanda. Hukuwahi kujiuliza kwa nini hajafika hata Kerege? Kwa nini ndugu wakifiwa Msata anatuma mkono wa pole lakini haendi? Amewaacha watu wamwone mwenye kiburi, kwa sababu mwenye kiburi hatungiwi wimbo.

Na mechi zako anazisikiliza. Redio ndogo ya baba yako huiweka juu ya mtungi, akizima kila mtu anapobisha hodi. Alinitajia michomo uliyookoa mwezi uliopita, mmoja mmoja, hata mimi sikuikumbuka.

Sasa unajua. Yaliyobaki niachie mimi.

Somo yako,
Mgeni

*

Kambini, Boko
22 Mei 2025

Somo yangu,

Shikamoo, na mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine.

Nimecheka na nimelia. Miaka yote hii nimekuwa nikimkasirikia mtu ambaye anaumwa na gari! Nimewaza dawa zote. Daktari wa timu anasema vipo vidonge vya kumeza kabla ya safari. Mpishi anasema tangawizi na ndimu. Beki wetu mmoja anasema akae kiti cha mbele, atazame mbali, asizungumze na mtu. Lakini, Somo, nimekaa nikafikiri safari yenyewe ilivyo. Bagamoyo mpaka Temeke, jua, foleni ya Mwenge, moshi wa Mandela. Sitaki ateseke. Mwambie abaki nyumbani na redio yake, na safari hii asiizime mtu akibisha hodi. Kwangu hiyo inatosha kabisa. Kujua tu inatosha.

Tiketi yake nimeiacha kwa jina lake, lakini ni kwa heshima tu. Asione kama namlazimisha.

Mwari wako,
Najma

*

Dunda
28 Mei 2025

Najma,

Umeandika mara mbili kwamba inatosha. Mtu akitosheka hasemi mara mbili.

Usiniulize lolote. Seleman ameapishwa asikwambie kitu. Wewe linda goli lako, njia tulinde sisi.

Mgeni

*

Kambini, Boko
1 Juni 2025

Somo, Somo, Somo,

Shikamoo. Kocha ametuingiza kwenye basi mara tu baada ya medali, sikupata nafasi ya kuwashika hata mkono, na simu tunarudishiwa kesho. Siwezi kungoja kesho. Nieleze! Mlifikaje? ALIFIKAJE?

Ngoja nikwambie nilivyoona mimi. Kipindi cha kwanza nilikuwa goli la mbali. Nikitazama jukwaa letu la kijani nawatafuta, siwaoni. Nikasema foleni imewala. Nikajikaza. Tukafungwa lile goli moja dakika chache kabla ya mapumziko, mpira umegonga mguu wa beki wetu na kubadili njia, nao utaniuma mpaka nizeeke.

Kipindi cha pili tukabadilisha upande. Nyuma ya goli langu wamejaa watu wa Nyota ya Bonde, zambarau tupu, nami nikajiandaa kutukanwa, maana golikipa huzoea. Badala yake nikasikia ngoma. Siyo tarumbeta, ngoma yetu! Nikasikia ule wimbo mliouimba siku mliponitoa nje nikiwa mwari, nimefunikwa kanga mbili, sioni mbele, nashikwa mkono na wewe. Nikageuka, jambo ambalo golikipa hatakiwi kulifanya. Nikaona zambarau, zambarau, zambarau, kisha nikaona uso wako. Na pembeni yako mama, amesimama juu ya kiti, ushungi umeteleza mabegani, na hajali.

Somo, mnajua mlikuwa mmevaa rangi ya wapinzani?

Penalti yao nadhani mliiona. Yule mpigaji ni fundi, msimu huu hajakosa. Aliuweka mpira, akainua macho kutafuta nguvu kwa mashabiki wake, akakuta kundi zima la wanawake waliovaa rangi yake wanaimba jina langu. "Najma wa Adila!" Nilimwona uso ukimbadilika. Akapiga kushoto kwangu, wala hakupiga vibaya, nikaruka nikaupata kwa ncha za vidole. Nikilala pale chini na mpira kifuani nilisikia kigelegele kimoja juu ya vyote. Nakijua. Ndicho kilichokuwa kikiniita nyumbani magharibi ikiingia.

Tumefungwa moja bila. Kombe wamechukua wao. Wenzangu walilia ndani ya basi, na mimi nililia nao, lakini walipokuwa wanalia wao kwa kombe mimi nilikuwa nalia kwa mambo yangu. Nimeokoa michomo kumi na kitu mbele ya mama yangu. Naona fahari, Somo. Naiandika hivyo hivyo, naona fahari mpaka kifua kinauma.

Nieleze yote. Usiruke kitu.

Najma

*

Dunda
3 Juni 2025

Mwanangu Najma, kipenzi cha Dunda nzima,

Marahaba mara elfu. Sauti sina, nimeiacha Temeke, kwa hiyo hata kama ungenipigia simu ungempata bubu aliye kiziwi.

Nilivyofikiri ni hivi. Mama yako hasumbuliwi na mwendo, anasumbuliwa na kufungiwa. Akipanda bodaboda kwenda sokoni hatapiki. Basi atafutiwe chombo kisicho na madirisha. Nikamwita Ausi, yule jirani yetu mwenye bajaji. Akacheka mpaka akakaa chini. "Bi Mgeni, bajaji mpaka Temeke?" Nikamwambia hata harusini huwa tunakwenda taratibu. Neno hilo la harusi likanipa akili.

Wewe unajua mwendo wa harusi. Gari la bibi harusi hutangulia, na hakuna wa kulipita, hata liende kwa mguu. Basi tukaipamba bajaji ya Ausi kwa utepe mweupe na maua ya karatasi mbele na nyuma, tukamweka mama yako ndani na tangawizi yake, na Kosta nzima ikafuata nyuma. Seleman alilalamika toka Dunda mpaka Kerege kwamba gari lake halijawahi kuaibishwa namna ile. Kerege tukasimama, mama yako akashuka, akanyoosha miguu, akatutazama wote tuliopo madirishani akingoja nani ataanza ule wimbo wa zamani. Wifi yake mwenyewe ndiye aliyetoa kichwa. Akaanzisha wimbo wa kumtoa mwari. Adila akarudi kwenye bajaji, akakaa wima.

Kuanzia pale watu wakatupigia honi za pongezi njia nzima. Malori yalitupisha! Bunju askari wa barabarani akatusimamisha, akazunguka bajaji, akachungulia, akamkuta mama mtu mzima. Akauliza, "Bibi harusi yuko wapi?" Mama yako akatoa kichwa akajibu, "Yuko Temeke, golini. Tunachelewa." Askari akasimamisha magari ya upande wa pili akatupisha. Tulipopita Boko hapo getini kwenu tungekupungia, lakini mlikuwa mmeshatoka.

Sikufichi, Ubungo alitapika. Moshi wa malori ulimzidi. Alishuka kwa heshima zake, akasogea kando, akamaliza, akasukutua, akarudi akamwambia Ausi, "Twende, baba." Wala hakutazama nyuma kuona nani amemwona. Nilimwonea fahari pale pale, nikapiga kigelegele, na wenye magari kwenye foleni wakaitikia kwa honi bila kujua kilichotokea.

Tulifika nusu saa kabla ya mpira, kwa ule uongo wangu wa saa saba. Mlangoni yule kijana wa kupanga watu akatazama sare zetu akatuelekeza upande wa pili. Nikamwambia sisi ni wa Najma. Yeye hakunisikia kwa kelele, mimi sikumsikia kwa masikio yangu, tukaelewana hivyo hivyo.

Na sasa nitakwambia la aibu, ucheke. Picha yako ya ukutani umevaa zambarau. Nikajua timu yenu ni zambarau! Nani aliniambia kwamba golikipa huvaa rangi yake peke yake? Nani aliniambia kwamba wapinzani wakivaa zambarau wewe huvuliwa unavishwa njano? Karibu kipindi cha kwanza chote, Najma, tumewashangilia maadui zenu kwa ngoma mbili. Walipowafunga tulicheza! Watu wa Nyota ya Bonde wakatupa maji ya kunywa. Mama yako peke yake hakucheza. Alikuwa ametazama kule mbali kwenye goli la pili, akanivuta kanga. "Mgeni, nyamazisha ngoma. Mtoto wangu ni yule wa njano." Nikamuuliza amejuaje, ni mbali, hata sura haionekani. Akasema, "Tazama anavyosimama, mkono kiunoni kama baba yake akingoja chai."

Ndipo tukageuka. Mlipobadilisha upande tulikuwa tayari. Waliotupa maji wakataka kuyadai.

Mpira ulipokwisha tulicheza mpaka taa zikawashwa. Wapiga picha wakaja wakatupiga wakidhani tunashangilia kombe. Mmoja akaniuliza najisikiaje kuwa bingwa. Nikamjibu vizuri sana.

Somo yako, mwenye wewe,
Mgeni

*

Dunda
15 Juni 2025

Kwa binti yangu Najma,

Salamu nyingi. Marahaba ya shikamoo zako zote.

Barua hii naandika mwenyewe. Mgeni alitaka kuniandikia nikakataa, ana maneno mengi.

Niliporudi watu walinipa pole kwamba mmefungwa. Nikawauliza alifungwa mangapi. Wakasema moja. Nikawauliza walipiga mangapi. Hawakujua. Mimi nilikuwepo, najua.

Uliniomba mara nyingi nami nilikukatalia kwa ukali, ukaondoka na moyo mzito. Ningeweza kukwambia. Niliona bora mwanangu aniite mkali kuliko aniimbie. Hujawahi kuniimbia. Nilikosea kukupima kwa watu wengine.

Mgeni anasema siku nyingine atanunua sare ya kijani tukae kwenu. Akanunue. Mimi nitakaa nyuma ya goli lako, popote litakapokuwa, na kipindi cha pili nitahama nalo.

Nimesikia ligi ikianza tena mtacheza Tanga. Ausi amesema bajaji yake haifiki Tanga na amesema nisimwombe. Kwa hiyo juzi baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajawa wengi, nilipanda basi peke yangu, kiti cha dirishani, nikafungua kioo. Nilikwenda mpaka Kerege. Nikashuka nikakaa kidogo, nikanywa maji, nikapanda jingine nikarudi. Sikutapika. Jana nimekwenda mpaka Mapinga, pale pale. Nilitapika kidogo, nikarudi.

Kesho nakwenda tena. Wewe fanya mazoezi yako, na mimi nafanya yangu.

Mama yako,
Adila